Safari Ni Saa Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu anarudi! Ujumbe umeingia nikiwa kazini, katikati ya kusahihisha kadi ya harusi. Nilisimama. Nikakaa. Nikasimama tena. Mwenye kiwanda akauliza kama nimeumwa na siafu.

Miezi kumi na moja yuko kule mwisho wa nchi, muuguzi wa hospitali ya wilaya. Miezi kumi na moja naosha sahani moja. Naunakili ujumbe hapa neno kwa neno, maana simu yangu hufuta vitu bila kuniuliza:

"Naja Jumamosi kwa ndege. Tunaruka saa nne asubuhi. Safari ni saa tatu. Wiki hii tuko vijijini na chanjo, simu haitashika. Nikishuka nataka nikuone wewe. Si ndugu yangu, si jirani. Wewe. Tuna jambo la kuongea."

Najua kwa nini kasisitiza. Siku anaondoka sikumuaga. Stendi nilifika mapema, Mungu shahidi, ila kulikuwa na basi limeandikwa nyuma MUNGU NI MWEMA MASAA YOTE, na mimi ni msahihishaji wa kiwanda cha uchapaji, siwezi kupita kitu kama kile nikanyamaza. Masaa! Saa haina wingi wa namna hiyo. Saa moja, saa mbili, saa elfu. Nilipomaliza kumwelewesha kondakta, basi la mke wangu, lililokuwa limeegeshwa ubavuni, lilishatoka. Alipunga mkono dirishani akampungia muuza karanga.

Na hilo jambo la kuongea nalijua pia. Hospitali wanamtaka abaki kule moja kwa moja. Atakuja, atanitazama, atapima. Akishuka asinione, nani atamlaumu akisema bora kule?

Safari hii nitakuwepo. Hata kama dunia itapinduka.

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi imeharibiwa na Shemeji.

Shemeji ni mdogo wake mke wangu, dereva wa lori. Lori lilimharibikia mwezi wa kumi, akaja kwangu kwa "siku mbili tatu." Miezi mitano sasa yuko kwenye kochi langu, anakula moja kwa moja kwenye sufuria. Kimoyomoyo namwita Breki, kwa sababu tangu asimame hajasogea.

Alichungulia ujumbe begani mwangu bila kuombwa, akatangaza kwamba nne na tatu ni saba, kwa hiyo dada yake anafika saa saba mchana. Nikamwambia saa haziongezwi kama viazi. Safari ni saa tatu, yaani anatoka nyumbani kwake saa tatu. Saa nne ndege inaruka. Mtoto wa chekechea angeelewa.

Akajikuna. Akasema, "Shem, labda kamaanisha masaa matatu."

Nilishusha kikombe polepole. Neno hilo halitamkwi nyumbani humu. Mke wangu, miaka kumi na minane ya ndoa, hajalitamka hata siku alipokuwa na uchungu wa kujifungua binti yetu, ambaye sasa yuko shule ya bweni. Nesi alimuuliza ameumwa masaa mangapi, yeye akajibu saa tisa. Nesi akaandika kwamba uchungu umeanza alasiri. Lakini Kiswahili kilikuwa safi!

Shemeji akasema basi hapo ndipo penye tatizo: mtu aliyekatazwa kuandika masaa ataandika saa, na sasa hatujui kasema nini. Nikamjibu kwamba angetaka kutaja muda angeandika "muda wa saa tatu." Mimi ndiye niliyemfundisha. Breki akarudi kwenye kochi, akajifunika shuka mpaka puani.

Lililobaki ni hesabu tu. Ndege inaruka saa nne. Itachukua muda gani? Mchana nimeitandika mezani kalenda ya ukutani yenye ramani ya nchi, tuliyoichapa wenyewe. Nikavuta uzi wa kushonea kutoka uwanja wao mpaka uwanja wetu, nikaupima kwa rula, nikauzidisha kwa kipimo. Kilomita mia nane na arobaini. Mwendo wa ndege nimeutoa kwenye kitabu cha sayansi cha darasa la saba, ambacho nilikisahihisha mimi: kilomita mia sita kwa saa. Jibu: saa moja na dakika ishirini na nne.

Anatua saa tano na dakika ishirini na nne. Nimepigia mstari mara mbili.

Shemeji kasema kwa barabara ni kilomita elfu moja mia tatu na kumi, na kwamba ndege nayo lazima ina vituo vyake. Vituo! Angani! Nilicheka mpaka nikapaliwa na chai.

Jumatano, 5 Machi

Hatari. Shemeji ameazima gari la rafiki yake. Kasema Jumamosi tutaenda wote wawili, tukae pale saa sita na nusu tukimsubiri dada, raha mustarehe.

Nimeiona picha yote. Mke wangu anashuka, anamwona ndugu yake anachezea ufunguo wa gari kidoleni, na mimi nyuma nimebeba mkoba. Atasema asante kwa nani? Kwa mwenye gari. Tena kwa hesabu yake ya viazi tutafika wakati mwenzetu ameshakaa juani zaidi ya saa nzima.

Nikafikiri haraka. Nikatoa simu mfukoni, nikaikunjia uso. Nikamwambia ujumbe mwingine umeingia: ndege imesogezwa, itatua saa kumi jioni.

Shemeji akashangaa, kumbe huko vijijini simu inashika? Nikakohoa. Nikakohoa tena. Akaniletea maji.

Kanuni yangu ni kutodanganya. Huu si uongo, ni mpangilio. Nitaenda peke yangu asubuhi kwa pikipiki ya kukodi, nitampokea, na Shemeji akija na gari lake la kuazima saa kumi, sisi tutakuwa nyumbani tumemaliza chakula.

Alhamisi, 6 Machi

Kazini nimebaki wakati wa chakula, nikachapa bango. Herufi nene, nyeusi, za kusomeka kutoka mwisho wa uwanja: KARIBU MKE WANGU. Nimelisoma mara moja tu, nikalikunja. Kazi ya mikono yangu haina haja ya kusomwa mara mbili.

Jioni nimepaka rangi mlango wa chumbani. Buluu, anayoipenda. Nimepaka vizuri sana, mlango, fremu, na ufa wa katikati, mlango ukiwa umefungwa. Kurudi baada ya chai, haufunguki. Umegandana kama bahasha. Nguo zangu zote za Jumamosi zimo ndani.

Nilizunguka nje nikajaribu dirisha. Nilipenyeza kichwa na bega moja. Hapo nikakaa kwa muda.

Shemeji alinivuta miguu. Kisha akaupiga mlango bega moja tu, ukafunguka, na nusu ya buluu imebaki kwenye fremu. Hakucheka. Alisema dada atafurahi akiona nimejaribu. Ningependelea angecheka.

Ijumaa, 7 Machi

Nimenyolewa. Kinyozi alikuwa anatazama mpira. Upande wa kushoto ni kijana, wa kulia ni mstaafu. Sitasimama ubavu, nitamkabili uso kwa uso.

Nimefua mapazia. Nimetoa sahani ya pili kabatini, nikaipangusa, nikaiweka mezani mahali pake, nikakaa nikaitazama. Nimemkumbuka huyu mwanamke. Nimeshaandika, basi.

Shemeji kaniuliza kama kweli ni saa kumi. Nimesema kweli. Masikio yaliniwaka moto.

Jumamosi, 8 Machi, saa tisa alasiri

Hakuja.

Niandike kwa mpangilio, labda nitaelewa.

Saa tano kamili nilikuwa uwanjani. Uwanja wenyewe mdogo: ukumbi mmoja, mabenchi sita, dirisha moja la maulizo, na juu ya mlango kibao kimeandikwa ABIRIA WANAOWASIRI. Nilijizuia. Nilijizuia kwa dakika nzima, naapa. Nikaenda dirishani nikamuuliza dada wa maulizo, kwa adabu, ndege ya kutoka kule inafika saa ngapi. Alikuwa anakula ndizi. Akajibu bila kuinua macho kwamba bado masaa kama mawili hivi.

Basi mimi ni binadamu. Nikamweleza kwamba hakuna masaa. Na maadamu tulikuwa tunazungumza, nikamweleza pia kuhusu kibao, kwamba ni wanaowasili, na ningeweza kumpatia kipya kutoka kiwandani kwetu. Alimaliza ndizi. Akaniambia mzee wangu, wanaosubiri wanasubiri nje, kwenye uzio. Akavuta pazia la dirisha.

Nikaenda kwenye uzio na bango langu limekunjwa kwapani. Sikumjali. Mtu asiyejua kuitamka saa ataijuaje?

Na kweli! Saa tano na dakika ishirini, mngurumo. Ndege! Dakika ya ishirini na nne kamili magurudumu yalikuwa yanasimama. Nilitazama saa yangu nikapiga kelele, bwana mmoja akanishika mkono akidhani naanguka. Kalenda, uzi, rula! Nilikunjua bango nikaliinua juu kabisa.

Wakashuka. Mzee na fimbo. Wanawake wawili na mtoto. Vijana wenye mikoba ya kazi. Padri. Nilikuwa nahesabu: kumi na tisa. Watu walilisoma bango langu wakatabasamu, nami nikawatabasamia. Ishirini na mbili. Rubani. Mlango ukafungwa.

Mke wangu hakuwemo.

Nilibaki na bango juu mpaka wote wakaondoka. Kurudi kumuuliza yule dada nilishindwa. Ningemwambia nini, na pazia limevutwa? Halafu kuna nini cha kuuliza? Ndege imefika kwa hesabu yangu, dakika kwa dakika, na yeye hayumo. Ameamua. Kabaki kule. Lile jambo la kuongea ameliongea peke yake.

Saa sita nilipanda pikipiki nikarudi. Nililia njiani. Dereva akauliza ni vumbi? Nikasema ni vumbi.

Sasa Shemeji anapiga kiatu rangi ajiandae kwenda uwanjani. Nimefungua mdomo mara tatu kumwambia asiende. Lakini nikimwambia hakuja, ataniuliza nimejuaje, na nikimwambia nimejuaje, ataujua uongo wa saa kumi. Acha aende. Atarudi peke yake, na tutakuwa wawili wa kukaa kimya.

Jumamosi, jioni

Amekuja!

Gari lilisimama saa kumi na moja kasorobo. Niliusikia mlango mmoja ukifungwa. Halafu wa pili. Nilitoka na soksi.

Amepungua. Amebadilika rangi kwa jua. Hakunipa mkono. Alisimama kibarazani, sanduku miguuni, akaniuliza ulikuwa wapi. Akasema ametua saa saba kamili. Akatoka mlangoni akatafuta uso wangu. Akatafuta tena. Simu haikuwa na moto tangu Alhamisi, kule vijijini hakuna umeme. Angeweza kuchukua gari la kukodi, kasema, lakini alishasema akishuka anataka anione, na yeye akisema kasema. Akakaa kwenye benchi. Mpaka mdogo wake alipotokea.

"Nimekaa pale masaa matatu," akasema.

Masaa! Mke wangu! Nililisikia likija likapita, likaniingia sikioni likanishuka mpaka tumboni. Miaka kumi na minane! Na sikusema kitu. Ninaweka kumbukumbu: sikusema kitu.

Shemeji akasema mbona dada ulitua saa saba, shem aliniambia ujumbe umekuja, ni saa kumi. Wote wawili wakanigeukia.

Nikasema yote. Uzi. Rula. Viazi. Uongo. Dada wa maulizo na ndizi yake. Nilisema nilifika na mapema nilifika, na kwamba niliposubiri mtu wa mwisho ashuke na asiwe yeye, sikujua nitaishije. Nikaleta bango kama ushahidi, nikalikunjua mbele yake kwa mikono miwili.

Alilitazama sana. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia, nikasogea. Kumbe anacheka! Anacheka mpaka ameketi juu ya sanduku. Shemeji alisogea akasoma, naye akashika ukuta.

Mke wangu akaniuliza, "Huyu Wagu ni nani?"

Nimegeuza bango. KARIBU MKE WAGU. Herufi nene, nyeusi, za kusomeka kutoka mwisho wa uwanja.

Mwenye kiwanda asijue kamwe. Ila mke wangu alinishika mkono kuinuka, na hakuuachia mpaka jikoni.

Jumapili, 9 Machi

Siku nzuri kuliko zote za mwaka huu, ingawa imeninyenyekeza.

Mke wangu kanieleza ndege ilivyokuja. Haikunyoosha. Ilienda kwanza mji mkuu, ikatua, watu wakashuka, wengine wakapanda, ikajaza mafuta, wakakaa humo wakijipepea kwa karatasi karibu saa nzima, ndipo ikaja kwetu. Muda wa saa tatu, nukta kwa nukta. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema neno moja tu: vituo. Ile ya saa tano na dakika ishirini ilikuwa imetoka kwingine kabisa.

Na lile jambo. Ni kweli wanamtaka abaki. Kasema alikuwa anakuja kuniambia amekubali, maana nyumba ambayo mtu haagwi wala hapokelewi ina faida gani? Nilitazama sakafu. Akasema kwenye benchi alikuwa ameshaamua kabisa. Halafu akaja akakuta mapazia yamefuliwa, mlango una buluu nusu, na mume amenyolewa upande mmoja ameshika bango la Wagu.

Kwa hiyo amebadili uamuzi: atabaki kule mwaka mmoja tu, kisha anarudi jumla. Lakini kwa sharti. Ndani ya mwaka huo mimi ndiye nitakayepanda ndege kwenda. Mei. Yeye atasimama uwanjani kunipokea, ili nione inavyofanywa. Akasema nikimwacha asimame peke yake mara nyingine, asiwepo mtu wa kumwuliza kwa nini hakurudi.

Nimekubali kabla hajamaliza sentensi.

Jumatano, 12 Machi

Tiketi yangu ya Mei imepatikana! Mke wangu kaniandikia maelezo kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, akanisomesha kwa sauti mara mbili kama mgonjwa anayepewa dawa: "Ndege inaondoka saa moja asubuhi. Uwe uwanjani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Safari ni MASAA MATATU. Nitakuwa mlangoni saa nne."

Kakusudia. Kapiga na mstari chini ya "ma" zote mbili. Nikasema sawa, nimeelewa, na nimeelewa kweli. Sitaki ugomvi. Mwanamke amekaa kwenye benchi kwa ajili yangu.

Lakini karatasi ile kubaki nyumbani kwa msahihishaji, wageni wakaiona! Alipoenda kuoga nimeyanakili maelezo humu, kwa ufupi na kwa Kiswahili cha watu waliokwenda shule, na karatasi nimeichana:

Kuondoka: saa moja. Safari: saa tatu. Mke mlangoni: saa nne.

Ijumaa, 9 Mei

Kesho! Sanduku tayari. Shati limepigwa pasi. Nimenyolewa na kinyozi mwingine, pande zote mbili.

Mchana Shemeji amepiga simu kutoka barabarani. Lori lake limepona, yuko safarini wiki ya tatu, na kochi limebaki na umbo lake. Kasema amenitafutia mtu wa gari, anipitie saa kumi na moja alfajiri. Alfajiri! Nikamwuliza ya nini kuamsha majogoo. Akasema shem, ndege si ni ya asubuhi sana? Nikamwambia asubiri kwenye simu, nimefungua shajara, nikayaruka maneno ya mke wangu yenye masaa, nikamsomea ufupisho wangu safi: kuondoka saa moja, safari saa tatu. Kipo wazi, hakina utata, ndiyo faida ya kuandika vizuri. Akaanza kusema habari za masaa. Nikakata simu.

Saa moja naondoka nyumbani. Saa tatu safari, yaani ndege inaruka. Saa nne mke wangu mlangoni, maana ndege ya kwenda, bila shaka, itanyoosha, haina vituo kama ile ya kuja. Nimemwambia yule wa gari anipitie saa moja na dakika tano, ninywe chai kwanza.